Mchezaji wa Akiba na Wakati wa Wingi

Asubuhi ya Jumatatu moja, katika mwezi wa Oktoba, kijana wa mwaka wa pili aliingia ofisini mwangu hapa Tabora, akaniamkia, akaweka mezani jezi iliyofuliwa, ikapigwa pasi na kukunjwa vizuri, kisha akaomba ruhusa ya kutoka. Hakutamka neno la lawama, na mimi sikuwa na neno la kumzuia. Nilikuwa mlezi wa timu ya mpira ya chuo chetu, na kwa kuwa hapakuwa na fedha ya kumlipa mwalimu wa mchezo, kazi ya mwalimu pia ilikuwa yangu. Jezi ile ilikuwa na namba 17 mgongoni. Ilikaa katika mtoto wa meza yangu muda mrefu kuliko ilivyostahili, maana kila nilipotaka kumpa mtu mwingine niliona haya.

Naona ni haki nimweleze msomaji yaliyotangulia, ili asidhani kwamba nalilia jambo dogo. Kijana huyu hakuwa fundi wa mpira. Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu, na pasi zake aghalabu zilikwenda kwa mtu ambaye hazikukusudiwa. Walakini pumzi yake haikuwa na kikomo. Nilizoea kumwingiza katika saa ya pili ya mchezo, kunako dakika ya 60 au 65, wakati mabeki wa upande wa pili wamekwisha kulegea kwa jua na vumbi, na kazi niliyompa ilikuwa moja: awakimbize wasipate nafasi ya kufikiri. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo mweupe. Alikimbilia mipira ambayo mtu mwenye akili timamu angeiacha itoke, na mmoja katika kila mipira kumi aliupata.

Jumamosi iliyotangulia Jumatatu ile tulicheza na wageni. Nilimwingiza katika dakika ya 61. Katika dakika ya 68 beki wao alirudisha mpira kwa mlinda mlango kwa uvivu, kijana akauwahi, na beki wa mwisho, alipoona amepitwa, alimshika jezi akamwangusha. Mwamuzi alitoa kadi nyekundu. Wenzetu wakabaki 10, sisi tukiwa 11, na dakika zaidi ya 20 zilikuwa bado. Hapo nilitazama benchi langu. Alikuwapo kiungo wa mwaka wa tatu, hodari kuliko wote tuliokuwa nao, ambaye nilikuwa nimempumzisha kwa sababu ya kifundo cha mguu. Nilimwita avue suruali ya mazoezi. Kisha nikamtoa namba 17.

Kumtoa mchezaji aliyeanza mchezo ni jambo la kawaida. Kumtoa aliyeingia ni jambo ambalo watu wetu wa mpira huliona kuwa ni fedheha, na kumtoa dakika chache baada ya yeye mwenyewe kuipatia timu nafasi iliyokuwa ikiitafuta ni fedheha juu ya fedheha. Alitoka akitembea. Huyu ambaye sikupata kumwona akitembea uwanjani, siku ile alitembea. Katika dakika ya 86 kiungo wangu alitoa pasi ambayo hapana mwingine katika chuo angeweza kuitoa, tukafunga, tukashinda bao 1 kwa 0. Watu walinipa mkono na kunisifu kwa busara yangu. Mkuu wangu wa idara, mtu asiyejua tofauti ya kona na golikiki, alinipongeza pia.

Basi swali langu haliwezi kujibiwa na matokeo. Kama tungalishindwa, ningalijua nimekosa na shauri lingalikwisha. Tulishinda, na kwa hiyo nimelazimika kulifikiri.

Swali lenyewe sikulisikia kwanza Tabora. Nililisikia Uswidi, katika miaka niliyokuwa huko nikisomea shahada ya udaktari, na nililisikia katika mchezo ambao watu wengi wa kwetu hawajapata kuuona. Mpira wa magongo wa nyasi msomaji anaujua, au amesikia habari zake: Kenya ilishika nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia la mwaka 1971, na Tanzania ilipeleka timu yake Moscow katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1980, ikawa ya mwisho katika timu 6. Waswidi huucheza juu ya barafu, kwa viatu vyenye makali ya chuma, na badala ya mpira wanatumia kisahani cheusi kigumu. Mzee mwenye nyumba niliyopanga, mtu aliyestaafu kazi ya posta, alikuwa na tiketi mbili za msimu mzima. Mkewe alikuwa amefariki, na kiti chake kikawa changu.

Kila upande huwa na watu 6 uwanjani, pamoja na mlinda mlango, na kwa kuwa mbio za barafuni huchosha upesi, wachezaji hubadilishana kila dakika moja au pungufu. Washambuliaji hupangwa katika safu 4 za watu watatu watatu. Safu ya kwanza na ya pili ni za mafundi. Ya tatu na ya nne ni za wachapakazi: watu wa kukimbiza, kubana na kugonga, ambao kazi yao ni kumchosha adui mpaka mafundi warudi. Mchezaji akimtegea mwenziwe gongo au akimkamata, hupelekwa kukaa kizuizini kwa dakika 2, na timu yake hucheza na upungufu wa mtu mmoja. Waswidi huziita dakika hizo kwa maneno yenye maana ya ubora wa idadi. Mimi nitaziita wakati wa wingi. Ni dakika za thamani sana. Katika ligi kuu ya Marekani na Kanada, bao hupatikana kadiri ya mara moja katika kila nafasi tano za namna hiyo, na michezo mingi huamuliwa hapo. Kwa hiyo mwalimu huwachagua mafundi wake watano, na wachapakazi hukaa benchi wakitazama.

Mzee wangu alimpenda mchezaji mmoja wa safu ya tatu, kijana mfupi mwenye nywele nyekundu, ambaye kwa mbio zake alikuwa akiwafanya adui wamkamate kila mara. Kila alipokamatwa, timu ilipata wakati wa wingi, na kila ilipoupata, yeye alikwenda kukaa. Mzee alikuwa mpole kupita kiasi nyumbani, walakini hapo alisimama akapiga kelele. Alisema kuwa mtu aliyechimba kisima haambiwi akae mbali wakati wa kunywa.

Nyuma yetu alikaa mwalimu wa hesabu wa sekondari, naye alikuwa na jibu ambalo sijasahau. Alisema kuwa watu wanne wanaojilinda dhidi ya watano hawatoki kwao. Hurudi mbele ya mlango wao wakasimama katika umbo la mraba, wakingoja. Hapo hapana mtu wa kukimbizwa, maana hapana anayekimbia. Kisahani husafiri haraka kuliko mguu wa binadamu yeyote, na kinachotakiwa ni utulivu, jicho, na mkono mwepesi. Mtu wa mbio akiingia katika shughuli ile huwa kama mtu aingiaye mbio katika chumba cha mafundi wa saa: nia yake ni njema, lakini atapindua meza.

Nakiri kwamba mwalimu wa hesabu alikuwa na haki, na kwamba katika dakika ile ya 70 mimi nilimfuata yeye. Mpira wetu una tabia hiyo hiyo. Timu yenye watu 10 hurudi nyuma, hujaza eneo lake, na mkimbizaji hukosa uwanja wa kukimbilia. Nguvu ambayo imeipata nafasi siyo lazima iwe nguvu ya kuitumia. Waliosema kwamba nilimdhulumu kijana kwa sababu yeye ndiye aliyemtoa beki wao hawakunishawishi wakati ule, wala hawanishawishi leo. Wao walikuwa wakitegemea methali, kwamba chanda chema huvikwa pete. Ni methali ya kweli, lakini kwanza sharti ijulikane kama kitu kinachogawanywa ni pete. Kama wakati wa wingi ni pete, basi apewe aliyestahili. Ukiwa ni jembe, hupewa ajuaye kulima, na kuumpa mtu asiyejua kwa ajili ya kumshukuru ni kumdhihaki yeye na kuwanyima chakula waliobaki.

Hapo ndipo nilipofika, na nilidhani nimefika mwisho. Kilichonirudisha nyuma ni safari ya kwenda Kwihara.

Kwihara iko kilometa chache tu kutoka mjini, na pana tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 baada ya kuagana na Stanley mwezi wa Machi. Alikaa hapo mpaka Agosti kwa sababu moja: wapagazi waliotakiwa kuja kutoka pwani walikuwa hawajafika. Hupenda kuwaonyesha wanafunzi jambo hilo kabla ya kuwaonyesha chumba alicholala. Msafiri maarufu kuliko wote wa zama zake, na hakuweza kusogea hatua moja mpaka wafike watu ambao majina yao wachache tu wanayajua. Mwaka mmoja baada ya habari ya jezi niliwapeleka wanafunzi huko, na wakati wa kuwaeleza jinsi msafara ulivyopangwa njiani, nilisikia maneno yangu mwenyewe kama kwamba yanasemwa na mtu mwingine.

Burton aliingia Unyanyembe mwezi wa Novemba mwaka 1857, baada ya zaidi ya miezi 4 ya njia kutoka pwani, na ingawa hakuwa mtu mwepesi wa kuwasifu watu aliosafiri nao, alikuwa na jicho, na aliandika alichokiona. Mbele ya wote alikwenda kirangozi. Huyu alivaa nguo nyekundu na kilemba cha manyoya na ngozi, akachukua bendera, na mzigo wake ulikuwa mwepesi. Hapana aliyeruhusiwa kumtangulia: mpagazi aliyethubutu alichomolewa mshale katika podo lake, uwe ushahidi wa kumtoza faini jioni. Ukali huo haukuwa wa bure. Kirangozi aliijua njia. Alijua maji yako wapi wakati wa kiangazi, njia panda ipi inakwenda kwa mtemi yupi, na hongo ya mahali fulani ni kiasi gani. Mtu mwenye mabega mapana asiyejua hayo angewaua wote kwa kiu akiwa na bendera mkononi.

Lakini ni nani waliofuata nyuma yake tu? Hawakuwa matajiri, wala waliobeba vitu vyepesi. Walikuwa wapagazi wa pembe. Mzigo wa kawaida katika njia ile ulikuwa kadiri ya frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na pembe kubwa ilizidi hapo. Hao ndio waliolemewa kuliko wote, na Burton anasema ndio waliokuwa na kiburi kuliko wote. Kwenye ncha ya pembe walifunga kengele ya ng'ombe, na kwenye sehemu yenye uwazi wakafunga chungu chao, kibuyu cha maji na mkeka. Nyuma yao walikuja wenye nguo na shanga, kisha wenye nyaya, na mwisho kabisa vitu vidogo vidogo, chumvi, tumbaku na majembe.

Babu yangu mzaa mama alikuwa akisimulia kwamba babu yake yeye alibeba pembe mpaka Bagamoyo mara 3, na kwamba mpaka uzeeni alikuwa na sugu begani kubwa kama kiazi, ambayo watoto waliruhusiwa kuigusa wakiwa na adabu. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza babu kama mzee huyo alipata kuwa kirangozi. Alinitazama kama kwamba nimeuliza jambo la kipumbavu. Alisema, "Yeye alikuwa mtu wa pembe," na kwa sauti aliyoitumia nilifahamu kwamba hicho hakikuwa cheo cha chini. Mzee hakuitamani bendera. Angaliambiwa kwamba msafara ukikaribia mji, ngoma zikilia na bunduki zikipigwa, watu wa pembe wakae porini mpaka shangwe iishe, nadhani Wanyamwezi wangaliiacha mizigo hapo hapo na kurudi kwao. Waliwahi kufanya hivyo kwa sababu ndogo zaidi.

Nilisimama chini ya maembe ya Kwihara nikaona kosa langu lilipokuwa. Nilikuwa nimejiuliza kama namba 17 anastahili bendera, na nilipoona hastahili, nikamtoa katika msafara. Sikupata kujiuliza kama katika wakati wa wingi kuna pembe ya kubebwa.

Nayo ipo. Waswidi wenyewe wanaijua. Tomas Holmström, mzaliwa wa Piteå, alichaguliwa na timu ya Detroit mwaka 1994 akiwa mtu wa 257, yaani wakati ambapo walimu wengi wamekwisha kukunja karatasi zao. Hakuwa mwepesi wa mbio juu ya barafu. Walakini timu ilipopata wakati wa wingi, yeye alitoka benchi pamoja na mafundi na kwenda kusimama mbele ya mlinda mlango wa adui, mahali ambapo mtu hupigwa magongo mgongoni na viwiko usoni. Alimzibia mlinda mlango macho, naye Nicklas Lidström, fundi kweli kweli, akapiga kutoka nyuma. Kisahani kilichogonga gongo la Holmström kikageuka njia kiliingia. Kilichorudi miguuni alikisukuma. Alipata Kombe la Stanley mara 4, mwaka 1997, 1998, 2002 na 2008, na karibu nusu ya mabao yake katika ligi ile aliyafunga katika wakati wa wingi. Hapana aliyemwambia agawe kisahani kama Lidström.

Sasa mwalimu wa hesabu angenijibu, na jibu lake nalijua: kusimama mbele ya mlango pia ni ufundi. Ni kweli. Gongo linalogeuza kisahani kiendacho kasi ile limefanyishwa kazi miaka mingi, na bidii peke yake haitoshi. Jibu hilo ndilo linalonichoma zaidi, maana linauliza nilifanya nini siku za Jumatano, siku za mazoezi. Mwaka ule wote niliwafundisha mafundi wangu kucheza dhidi ya watu 10, na wakati huo namba 17 alikuwa upande wa pili, mmoja wa hao 10, akijilinda. Hata mara moja sikumwambia asimame mbele ya mlinda mlango katika kona, au aingie katikati ya mabeki wawili awashughulishe ili kiungo apate nafasi ya kupiga. Basi Jumamosi nilipomtazama nikaona hafai, nilikuwa natazama kazi ya mikono yangu.

Liko pia shauri la uchovu, kwamba mchapakazi asitumiwe katika wakati wa wingi ili awe na nguvu za kujilinda baadaye. Kwa barafuni lina uzito. Kwa kijana aliyeingia dakika ya 61 halina.

Natumaini msomaji wa jarida hili atanisamehe nikitazama kidogo upande wa nyumba yetu wenyewe. Nilipokuwa msaidizi, katika chuo kingine, nilisahihisha karatasi za darasa la watu mia nne kwa mihula mitano, na ulipofika wakati wa kutoa kitabu cha makala juu ya kozi ile ile, niliambiwa kwa upole kwamba kitabu ni kazi ya mabingwa. Huenda ilikuwa kweli. Sikuwa naandika vizuri. Lakini nilikuwa mtu pekee aliyejua ni mahali gani wanafunzi mia nne walikuwa wanakwama, na kitabu kilipotoka, kilipita mahali pale kama garimoshi lisilosimama. Nilidhani nimeusahau uchungu huo. Ilipokuja zamu yangu ya kuwa na benchi, nilifanya kama nilivyofanyiwa.

Tangu safari ile ya Kwihara tumebadili mazoezi. Katika kila kona na katika kila mchezo ambao wenzetu wamepungua mtu, mmoja wa vijana wa akiba anayo kazi yake mbele ya lango, na ameifanyia mazoezi. Mafundi walinung'unika mwanzoni, kwa kuwa anawaziba njia. Baadaye waligundua kwamba anawaziba mabeki zaidi. Hatufungi mara nyingi kuliko zamani kiasi cha kujivunia. Lakini nimeona kwamba kijana ambaye kazi yake inajulikana hatembei anapotolewa.

Namba 17 nilikutana naye mwaka jana karibu na stesheni. Alimaliza masomo, akakaa bila kazi, sasa anaendesha pikipiki ya abiria na jioni anafundisha timu ya vijana wa mtaa wake. Alinipa shikamoo, akakataa nauli. Njiani, nikisema kwa nguvu ili sauti isipotezwe na upepo, nilimweleza habari ya watu wa pembe, na ya yule Mswidi, na kwamba siku ile ningalimwacha uwanjani, ningalimtoa beki mmoja wetu, maana wenzetu hawakuwa na mtu wa kutuletea hatari. Alinyamaza mpaka tulipofika langoni kwa chuo. Kisha akasema kwamba katika timu yake yeye wana sheria nyepesi: aliyeangushwa ndiye apigaye penalti, awe nani, awe anajua, awe hajui.

Nilimwuliza kama wanafunga.

"Siku nyingine, Mwalimu," alisema, akawasha pikipiki.